Sola nzima, bomba ndilo bovu

Juni hapa Arusha si mwezi wa kuogea maji baridi, kwa hiyo nikafunga sola ya maji moto ya lita 200. Siku ya kwanza, bafuni maji yakachuruzika kama machozi. Fundi akasema sola ni mbovu. Nikapanda juu mwenyewe, nikafungua unioni (kiungo cha bomba) pale kwenye tangi: maji yakanirukia mpaka viatuni.

Basi tukakata kipande cha bomba la chuma la nusu inchi ukutani. Kutu tupu! Tundu lililobaki lingepitisha penseli tu. (Na nilishanunua vichwa viwili vya shawa bure.)

Bomba la zamani tuliliacha humo humo ukutani, tukapitisha jipya la PPR (plastiki ngumu) la milimita 25, la maji moto. Mashine ya kuunganishia iwe nyuzi 260, unapasha ncha sekunde saba, kisha unachomeka moja kwa moja bila kuzungusha. Ila mita mbili za kwanza kutoka kwenye tangi ni shaba, maana jua likiwaka sana maji huchemka kuliko PPR inavyovumilia.

Shawa sasa inapiga mgongo vizuri. Rangi ya ukuta bado nadaiwa na mama watoto.