Ameondoka, Kumbe Amefika

Februari 1985 nilikuwa Bucharest, katika ule mwaka wa kufundishwa Kiromania kabla ya kuingia chuo kikuu. Niliishi chumba kimoja na jamaa wa Beira, Msumbiji. Sisi wengine tulitokwa jasho na sarufi. Yeye, kwa Kireno chake, aliteleza tu. Wivu nilikuwa nao, sikatai.

Siri yake aliigundua mwenyewe. Maneno ya Kilatini yaliyoanza na pl, Kireno mara nyingi kimeyageuza yakaanza na ch, Kiromania kimeyaacha. Chuva, mvua, ni ploaie. Cheio, kujaa, ni plin. Basi chegar, kufika, sharti iwe pleca. Na kweli, pleca ipo!

Jumamosi moja alikwenda Constanța kuona bahari. Jioni mlinzi wa bweni akanipa kikaratasi cha ujumbe wa simu: "A plecat. Gara de Nord." Nikaelewa nilivyofundishwa: ameondoka, anakuja na treni hadi Gara de Nord, stesheni ya hapa Bucharest. Kutoka Constanța ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo nikabandika chai, nikajinyoosha kitandani.

Kumbe alikuwa ameshafika. Nilimkuta usiku amejikunyata chini ya ubao wa Plecări, yaani treni zinazoondoka, akiamini ndipo wanapopokelewa wageni. Baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Hakunisemesha kwa lugha yoyote hadi bwenini.

Jumatatu mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika ubaoni: plicare, kukunja. Kwa maelezo yake, mabaharia walikunja matanga walipofika bandarini, ndipo Wareno wakapata chegar na Wahispania llegar. Askari wa Kirumi upande wa mto Danube walikunja mahema walipong'oa kambi, ndiyo a pleca ya Waromania, kuondoka. Waitaliano na piegare yao, Wafaransa na plier yao, wao hawakwenda popote. Wanakunja nguo tu.

Darasa zima lilishangaa isipokuwa mimi. Nimekulia Mtwara. Kwetu nahodha hutua tanga, na abiria naye ametua. Na shughuli ikiisha twakunja jamvi, kila mtu kwao. Nilimweleza jamaa hayo usiku ule, akanitazama kwa hasira iliyobaki.

"Ungeniambia Ijumaa," akasema.

Tangu hapo akipiga simu alisema am sosit, nimefika, neno lenye asili ya Kigiriki. Kisha, kwa usalama, akaongeza cheguei.