Siku Moja Kwenye Kliniki ya Miguu Kifundo

Saa 12:15 asubuhi. Nimo kwenye daladala inayotoka Mbagala, simu ya kliniki mkononi. Naiwasha mapema kwa sababu mtoto akiamka na homa, saa hizi ndipo mama yake anapoamua kama safari ipo au haipo. Bado kimya.

Saa 1:30. Nafungua daftari la tarehe. Alhamisi ni siku ya muhogo, ndivyo kina mama wanavyoiita plasta ngumu ya mguu. Wengi wa walioandikwa ni vichanga waliozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, yaani miguu kifundo. Kila wiki tunaunyoosha mguu kidogo kwa mikono, kisha tunaufunga kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti limekunjwa. Wiki inayofuata tunafungua na kusogeza tena. Kwa kawaida plasta tano au sita zinatosha. Njia hii ni ya Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, na haivumilii kurukwarukwa wiki.

Saa 2. Mabeseni ya maji vuguvugu yamepangwa, kina mama wanalowesha mihogo ya wiki iliyopita huku wananyonyesha. Mtoto anayenyonya hakazi mguu. Mwenzangu anazungusha bendeji iliyolowa, gumba langu limetulia juu ya kifupa kilicho mbele ya kifundo, upande wa nje. Tukimaliza nabonyeza kidole cha mtoto: kinapauka, kisha rangi inarudi. Damu inapita vizuri.

Saa 4. Naita jina, hakuna anayeitika. Huyu alikuwa wa kukatwa kano ya nyuma ya kisigino, kazi ya dakika chache kwa ganzi. Daktari wa upasuaji tunampata kwa muda wa saa mbili tu kila wiki. Waliopo benchini hawajafikia hatua hiyo, na aliyefikia yuko kwao Kisarawe, ameandikiwa wiki mbili zijazo. Angekuja leo hii kama tungejua tangu jana. Jambo hili huniuma kuliko foleni yoyote.

Saa 4:40. Simu inaita. Ni bibi wa Mkuranga, mjukuu wake ni wa saa saba.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Huku tumefiwa, leo hatuji. Nimeona niseme, mtoto wa mwenzetu asije akakosa.”

Yupo msibani, na bado amepata nafasi ya kumfikiria mtoto asiyemjua. Nampa pole na tarehe ya Jumatatu. Papo hapo nampigia mama wa Temeke aliyelalamika jana kwamba vidole vya mwanawe vimezama ndani ya muhogo. Hiyo ni dalili kwamba plasta imeteleza na inaubana mguu.

Saa 6:50. Mama wa Temeke ameshafika kwa bajaji. Kisiginoni ngozi imeanza kuwa nyekundu, haijachubuka. Tumewahi.

Saa 9. Nawapigia wasiofika. Mama wa saa nne anapokea kwa sauti ya chini: nauli ilikosekana, na aliogopa kugombezwa. Namwelewa. Wapo wahudumu wanaofoka, na mtu akishafokewa mara moja hujificha. Namwambia asijieleze sana. Jina la mtoto, tarehe yake, na “sitaweza, naomba nyingine,” basi. Salio likikosekana abip, nitampigia mimi. Mwenye shida ya nauli ana haki ya kusema hivyo bila kuona haya, na sisi tuna wajibu wa kumsikiliza.

Saa 10. Kwenye mihogo ya leo iliyokauka nimeandika namba ya kliniki kwa kalamu ya wino mzito. Kadi husahaulika kabatini, mguu hausahauliki.

Saa 11. Ujumbe kutoka kwa baba mmoja wa Kibaha: Alhamisi ijayo, siku ya mwanawe kukatwa kano, mkewe ameitwa mahakamani kwa kesi ya mirathi, anaomba wasogezwe wiki moja. Nabadilisha daftarini, kisha nawapigia wale wa Kisarawe wanaosubiri kano.

“Mnaweza kuja Alhamisi hii inayokuja?”

“Hata kesho, dokta!”