Jina Lililo kwenye Kifaa cha Zamani Huenda Si la Mtengenezaji

Ukipata msumeno au randa ya zamani iliyojaa kutu, weka kando brashi ya waya na mashine ya kusugulia. Kwenye misumeno mingi, jina la kiwanda lilichorwa kwa asidi kwenye bapa, na mchoro huo ni mwepesi sana: ukisuguliwa vibaya mara moja, haurudi.

Paka mafuta mepesi, uyaache yaingie kwenye kutu, kisha sugua kwa msasa laini wa 400 uliouzungushia kipande cha mbao kilichonyooka. Fuata urefu wa bapa. Usisugue kwa vidole vitupu, kwa sababu hubonyea hadi ndani ya mchoro na kuondoa weusi wake pamoja na kutu. Herufi zikianza kuonekana, acha hapo hapo. Kwa chapa iliyogongwa kwa nyundo, zima taa ya juu na umulike tochi kutoka ubavuni, karibu sambamba na chuma. Kivuli kitakusomea hata herufi zilizochakaa.

Sasa soma, lakini kwa tahadhari. “Cast Steel” si jina la mtu wala kiwanda. Inaeleza aina ya chuma. “Warranted Superior” (yaani imehakikishwa kuwa bora), ambayo huonekana sana na picha ya tai kwenye kifungo cha shaba cha mpini wa msumeno, ilitumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo peke yake haithibitishi lolote. Hata Keen Kutter, jina linalopendwa sana, lilikuwa la wauzaji wa jumla, Simmons Hardware wa St. Louis, na vifaa vyake viliundwa na viwanda vingine. Kwa upande mwingine, kifungo cha Disston, kiwanda cha misumeno cha Marekani, kina faida kubwa: kikiandikwa “Henry Disston & Son”, mwana mmoja tu, kinaelekeza kwenye miaka ya 1865 hadi 1871.

Randa za mbao ndizo huwachanganya watu zaidi. Chapa ya mtengenezaji hugongwa kwenye ncha ya mbele, kwa kawaida mara moja na kwa herufi zilizopangika vizuri. Jina lililorudiwa mara tatu nne, ubavuni na nyuma, likiwa limepinda, ni la fundi aliyeimiliki. Na jina la kwenye kisu ni la mfua visu: mara nyingi visu vilinunuliwa kwa mtu mwingine kabisa.

Tarehe za hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, nazo zisomwe vizuri. Randa ya chuma ya kiwanda cha Stanley yenye “APR-19-10” (19 Aprili 1910) nyuma ya kitako cha kisu si lazima iwe iliundwa 1910. Tarehe hiyo inakuambia tu kwamba haikuundwa kabla ya hapo. Kisu cha Stanley chenye picha ya moyo na herufi S.W. (Stanley Works) ni cha miaka ya 1920 au mwanzoni mwa 1930, lakini visu huisha na kubadilishwa, hivyo kinatoa umri wa kisu, si wa randa. Kisu na mwili vikipingana, amini maandishi yaliyotoka kwenye kalibu ya mwili, kisha kagua vishikio na skrubu kimoja kimoja: randa iliyounganishwa kutoka randa mbili ni jambo la kawaida mno.