Mjeledi wa futi 6 kwa dola 24

Kijana wangu wa pili ana miaka 12. Tangu Agosti alikuwa ameshaamua kwamba Halloween mwaka huu, ile jioni ya Oktoba watoto wanapovaa mavazi ya kuigiza na kuomba peremende mlango kwa mlango, atavaa kama Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa kwenye filamu, na kwa watoto wa hapa Columbus, Marekani, kuchagua vazi si jambo dogo. Kofia tuliipata mapema: pama ya kahawia, dola 9, duka la mitumba. Jaketi ni la dada yake, ngozi ya bandia iliyochubuka viwikoni, na kule kuchubuka ndiko kulikolifanya lifae. Mkoba wa begani ninao tangu chuo. Ukabaki mjeledi, na hapo nikamwambia, "Huo niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa sababu mjeledi naujua. Nimekulia Maswa, na kuanzia darasa la tatu kazi yangu msimu wa kulima ilikuwa kutangulia mbele ya maksai, mjomba nyuma ameshika plau. Mjeledi wake ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, umefungwa kwenye fimbo ndefu. Siwakumbuki wale maksai wakipigwa. Mjomba aliupiga hewani juu ya migongo yao, ukalia pwaa! na jozi nzima ikainua shingo. Nilipokuwa mdogo niliamini sauti ile inatoka mdomoni mwake.

Kwa hiyo niliingia dukani nikijua ninachotafuta, nikatoka mikono mitupu. Mjeledi wa kwanza tuliukuta kwenye duka la mavazi ya Halloween, dola 13. Plastiki nyeusi iliyochorwa alama za msuko, unene ule ule kuanzia mpinini hadi nchani, kama mpira wa kumwagilia bustani. Ulikuwa umekunjwa kwenye kifungashio, na nilipoufungua ukabaki na kona zake nne. Kijana aliuning'iniza mkononi, akautazama, akaurudisha mwenyewe.

Wa pili niliuagiza mtandaoni, dola 34, umeandikwa ngozi halisi. Ulifika baada ya siku tisa ukinuka mafuta ya taa. Ngozi ilikuwa ya kweli, lakini ni ile ya tabaka la chini, yenye manyuzinyuzi, ikapakwa rangi kuficha. Kijana aliushika dakika kumi viganja vikawa vyeusi, na suruali yake ya kaki ikapata doa ambalo halijatoka mpaka leo. Siku ya tatu ukavunjika shingo, pale mpini unapoishia. Nikauchana kwa kisu nione ndani. Kulikuwa na karatasi ngumu iliyosokotwa, na juu yake uzi wa katani umezungushwa ovyo. Nilimwandikia muuzaji mara mbili, sikujibiwa, nikaachana naye.

Ule mjeledi uliochanika ulinifundisha kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma, maana ulinikumbusha kitu nilichokijua nikiwa mtoto bila kukipa jina: mjeledi ni kitu kinachopungua. Unaanza mnene kama kidole gumba, unamalizika mwembamba kama kamba ya kiatu, na safari yote katikati ni kupungua kidogo kidogo. Nguvu ya mkono inaingia kwenye ule unene, na kadiri unavyosonga mbele uzito wa kubebwa unakuwa mdogo, kwa hiyo kasi inapanda. Ikifika nchani inapita kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, na ule mlio ni wa hewa yenyewe. Mjeledi wa vazi hauhitaji kulia. Lakini jicho la mtu linajua. Unaopungua vizuri unajikunja duara safi kiunoni, na ukiuachia unamwagika chini kama maji. Usiopungua unakaa kama waya.

Ndiyo maana ninawashauri wazazi wenzangu wasihangaike kwanza na ngozi. Mijeledi ya filamu ya kwanza, ya mwaka 1981, ilisukwa na David Morgan, fundi wa jimbo la Washington, kwa ngozi ya kangaruu, nyuzi 12, na urefu uliozoeleka ni futi 10. Wasukaji wanaipenda ngozi ya kangaruu kwa sababu ni nyembamba mno na bado ni ngumu kukatika, hivyo fundi anaweza kukata nyuzi nyembamba na msuko ukabana. Kazi ya namna hiyo ukiiagiza kwa fundi leo unalipa mamia ya dola. Na inastahili, kwa mtu atakayeutunza miaka 30 na kuupaka mafuta. Mtoto wa miaka 12 anautaka kwa jioni moja na pengine mwaka mmoja wa kuchezea uani.

Kabla ya kufika kwenye kusuka, lazima niseme lililotokea mezani. Mama watoto aliposikia tunatafuta mjeledi aliweka kijiko chini. Yeye ni wa Songea. Bibi yake alikuwa akiwasimulia habari za wakati wa Mjerumani, za hamsa ishirini, viboko 25 alivyochapwa mtu mzima mbele ya watu wake. Kiboko chenyewe kilikuwa cha ngozi ya mnyama kiboko, ndiyo maana mpaka leo jina la mnyama na la adhabu ni moja. Akasema, "Na hapa tulipo, baba, unajua mjeledi ulifanya nini kwa watu wenye rangi yetu. Mtoto anasoma hayo darasani. Leo aende nao kwenye milango ya majirani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kujifanya nilikuwa nalo. Aliyejibu ni kijana. Alisema yeye anautaka kwa ajili ya kuvuka. Anachokipenda ni pale jamaa anapourusha ukajizungusha kwenye gogo, akaning'inia, akavuka shimo. Mama yake akamtazama muda mrefu. Halafu akatoa masharti: hautaelekezwa kwa mtu wala mnyama, hata kwa mzaha; hautatoka kiunoni barabarani; na kabla ya siku yenyewe atakaa na mimi nimweleze hamsa ishirini ilikuwa nini. Tulikaa Jumapili moja, saa nzima. Aliuliza kama babu yangu mzaa baba aliwahi kupigwa. Nikamwambia ninavyojua.

Baada ya hapo nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, mvua, ng'ombe, kisha nikamwuliza ule mjeledi wake alikuwa anautengenezaje. Alinitumia sauti ya dakika sita WhatsApp. Unachukua ngozi mbichi, unaikata mzunguko kuanzia pembeni kwenda katikati ili upate ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Unauloweka, unausokota ukiwa umefungwa kati ya miti miwili, unauacha ukauke ukiwa umevutwa, kisha unaupaka mafuta ya ng'ombe mpaka ulainike. "Lakini anza na upana, mjomba," akaniambia, "upunguze kisu kadiri unavyoingia ndani." Kupungua tena. (Neno lenyewe mjeledi lina ndugu kwenye rafu ya vitabu: jalada. Yote mawili asili yake ni ngozi.)

Ngozi mbichi sikuwa nayo. Nilinunua kamba ya parashuti, ile ya nailoni ya milimita 4 ambayo ndani ina nyuzi 7 ndogo, roli ya futi 100 rangi ya kahawia, dola 12. Kijiti cha mbao cha mviringo kwa ajili ya mpini, dola 3. Goroli ndogo za chuma za bunduki ya upepo, dola 6. Tepu ya umeme na mshumaa wa nta, dola 3. Jumla 24.

Kazi inaanzia tumboni, yaani kiini cha ndani cha mjeledi. Kata futi 3 za kamba, vuta zile nyuzi za ndani zitoke zote, na ganda linalobaki ni bomba la kitambaa. Kijana alikaa sakafuni akidondoshea goroli humo moja moja, akizisukuma kwa kidole mpaka likawa kama nyoka aliyekula mtama. Hilo ndilo linaloupa mjeledi uzito. Tulilifunga kwa tepu kwenye kijiti cha inchi 8, tukazungusha tepu zaidi pale shingoni ambapo ule wa dola 34 ulivunjika, kisha tukasuka safu ya kwanza ya nyuzi 4 juu yake. Mama watoto, ambaye alijifunza kusuka ukili wa mikeka kwa shangazi yake, alipita akaona mikono yangu, akasema unavuta upande mmoja kuliko mwingine. Akaketi. Safu ya juu, ya nyuzi 8, nusu yake ni kazi yake.

Safu ya juu ndipo kupungua kunapofanyika, na hapa nendeni polepole. Unaanza mpinini na nyuzi 8. Baada ya futi 2 hivi unachukua nyuzi mbili, unazilaza ndani, unasuka juu yake na 6 zilizobaki. Baadaye tena mbili, zinabaki 4, mpaka mwisho. Zile zilizolazwa ndani hazikatwi ghafla. Moja unaiacha iende inchi tano, nyingine inchi nane, ili unene usishuke kama ngazi. Sisi mara ya kwanza tulizikata pamoja, kikatokea kifundo unachokihisi ukipitisha kidole, tukafumua futi nzima. Ilituchukua jioni nne. Ulipokwisha tuliulaza sakafuni tukauviringisha chini ya ubao, mbele nyuma, mpaka msuko ukakaa duara, kisha tukapitisha nta ya moto kuondoa ule mng'aro wa nailoni. Kiwi ya kahawia nikaisugua kwenye mapindi, na kwa mbali sasa ni ngozi. Kofia ya mpini ni fundo tu la kamba ile ile, likiwa na kitanzi cha mkononi.

Urefu tuliuacha futi 6. Futi 10 ni za mtu mzima, mtoto angekuwa anaukanyaga. Na nchani sikuweka kile kiuzi chembamba kinacholeta mlio. Nimeikunja ncha yenyewe ikarudi ndani, laini, haiwezi kulia wala kuchana. Anayetaka kuufanya ulie avae miwani, kofia na mikono mirefu, na asimame mbali na watu, maana unaporudi huwa unarudi usoni.

Kama huna jioni nne, nunua wa nailoni uliosukwa tayari, ila ukiwa dukani shika mpini ulale sawa na ardhi utazame unavyoinama, hesabu nyuzi karibu na mpini kisha karibu na ncha, na usugue kwa kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka. Hesabu ikiwa ile ile mwanzo na mwisho, rudisha, isipokuwa kama unene nao unashuka wazi.

Shuleni hakuupeleka, waliandika kabisa kwamba kitu chochote chenye sura ya silaha kibaki nyumbani. Jioni ya tarehe 31 ulikuwa kiunoni kushoto, umekunjwa mara nne, umeshikwa na kipande cha mkanda wangu wa zamani chenye kifungo. Kulikuwa na baridi ya kutosha kwa jaketi. Mlango wa tatu, mzee mmoja alimwambia, "Huo umesukwa kwa mkono," na kijana akanyosha kidole nyuma kutuonyesha mimi na mama yake.

Picha nilimtumia mjomba. Alijibu asubuhi yake: mpini mfupi, lakini msuko umekaa. Halafu akauliza ile kamba ikinyeshewa inaoza. Nikamwambia haiozi. Wake wa sasa umeliwa na mbwa mara mbili. Roli ya pili nimeshainunua, na shemeji anasafiri kwenda Mwanza Desemba.