Kinywe cha Ruangwa, kinywe cha Utaridi

Hapa Ruangwa, mkoani Lindi, ukishika jiwe lenye kinywe (grafiti, madini meusi ya kaboni yanayotumika kwenye penseli) vidole vinabaki vyeusi, vinateleza. Ndiyo maana niliposoma kwamba uso wa Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, umetiwa weusi na kinywe, usingizi uliniruka.

Chombo cha Marekani, MESSENGER, kiliizunguka sayari hiyo kuanzia 2011 hadi 2015. Usoni kilikuta chuma kidogo na salfa nyingi, hadi asilimia 4 hivi ya uzito. Hapo ndipo penye utamu! Salfa hutoroka kwenye joto kali, kwa hiyo wanaosema Utaridi iliunguzwa na jua changa hadi ikapoteza gamba lake wamepata kazi ngumu. Tena mchanganyiko huo unaonyesha malighafi yake ilikuwa na oksijeni haba, hivyo chuma kilibaki metali, kikazama kwenye kiini.

Na kinywe? Inadhaniwa mawe yote yalipokuwa uji wa moto, chenyewe kilielea juu kama povu, kikawa gamba la kwanza. Chetu cha Lindi kina asili nyingine: mabaki ya viumbe yaliyozikwa kwenye matope, yakapikwa chini kwa joto na mgandamizo.

Sasa nakisubiri BepiColombo, chombo cha Ulaya na Japani kilichorushwa 2018 kwenda Utaridi.