"Mwalimu, mimi sivuti"

Tangu Jumanne, nilipomuuliza mwanafunzi wangu mmoja kama anavuta, maneno hayo yake hayanitoki. Wiki hii tumehama Walukuba, Baba Sauda karudi kutoka Gulu, mitihani ya katikati ya muhula imekwisha, lakini mimi nasikia hilo tu: sivuti.

Nilimnusa vidole, nikamtazama macho. Hakuna harufu, hakuna wekundu. Nikamwambia haya, rudi darasani.

Na kweli havuti. Ni kuberi, tumbaku ya kuweka mdomoni. Kipakiti chake hakizidi cha bizari, tena huuzwa kama kiungo cha chai, basi mama akikikuta mfukoni hashtuki. Mtoto anachota kidogo kwa ncha za vidole, anakisukuma kati ya mdomo wa chini na ufizi, anatulia. Hakitafunwi. Nikotini inapenya hapohapo kwenye ngozi laini ya mdomo, dakika chache tu kichwa kinazunguka. Asiyezoea hutoka jasho na kutapika, nasi shuleni tunasema malaria. Sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 ilipiga marufuku tumbaku zote zisizo na moshi, na mimi bado nanusa vidole!

Pa kutazama ni mdomoni. Mwambie asimame kwenye mwanga wa jua, auvute mdomo wa chini mwenyewe, usimshike. Mahali anapoweka kila siku ufizi huwa mweupe na wenye mikunjo, mara nyingi upande mmoja. Anayetematema darasani naye mtazame.

Hata kwenye pombe ni hivyohivyo. Vifuko vya waragi, ile pombe kali, viliondolewa 2019, vijana sasa wanachanga wanne kwa chupa ya mililita 200. Muulize kama ananunua vifuko, atasema hapana, wala hajadanganya.

Ijumaa nikamwita tena. "Unaweka nini mdomoni, na ya kwanza unaweka saa ngapi?"

Akacheka. "Ah, sasa umeuliza. Kabla ya chai."

Nikacheka naye, jamani, sikuweza kujizuia. Ila jibu lenyewe si la kuchekesha. Anayeanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka ameshashikwa. Siku za kwanza akiacha atakuwa mkali, hatatulia kwenye kiti, na huo ndio wakati shule hupenda kumfukuza. Nimeomba asipewe adhabu kwa wiki mbili. Mwalimu wa nidhamu hajajibu.

Na lile tangi la nyumba mpya linavuja chini, karibu na koki. Fundi alisema asubuhi, sasa ni saa kumi na moja jioni.