Mnyororo wa wajibu: mwisho wake ndio wenye kazi

Chukua ofisi ya safari pale Arusha inayopokea maombi ya punguzo. Tuseme mtu wa mauzo anaruhusiwa kutoa hadi asilimia 5, meneja hadi 15, mkurugenzi hadi 25. Ukiandika programu yake na kuyarundika maamuzi haya kwenye klasi (fungu la msimbo) moja yenye masharti marefu, siku mhasibu naye akipewa mamlaka itabidi ufumue msimbo uliokuwa unafanya kazi vizuri. Mnyororo wa wajibu (Chain of Responsibility), yaani ombi kupita kwa mwamuzi mmoja hadi mwingine mpaka afikiwe anayehusika, ni mmoja wa miundo 23 ya kusanifu programu iliyoorodheshwa na Gamma, Helm, Johnson na Vlissides katika kitabu chao cha mwaka 1994, na unakuepusha na hilo.

Anza na klasi dhahania, yaani kiolezo ambacho klasi nyingine hukirithi, uiite Mwamuzi. Ndani yake weka sehemu ya kumshika anayefuata, na methodi (kitendo cha klasi) shughulikia(ombi). Kila ngazi inairithi na kujiuliza swali moja: ombi hili ni langu? Likiwa lake, inaliamua na kurudisha jibu. Lisipokuwa lake, inaita anayefuata.shughulikia(ombi) na kurudisha jibu lililotoka huko. Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi huteleza, wakisahau kurudisha: mkurugenzi amekubali, aliyeomba anapata tupu. Lugha ya Java itakugomea kabla programu haijaendeshwa, ila Python na JavaScript hazisemi kitu.

Viungo, yaani ngazi hizo, viungwe mahali pamoja, programu inapoanza, mwenye mamlaka madogo akitangulia. Ukimweka mkurugenzi mbele, hata ombi la asilimia 3 ataliamua yeye, na hakuna hitilafu itakayoonekana popote. Kwa hiyo jaribu kwenye mipaka yenyewe: 5, 5.1, 15, 15.1, 25, 25.1.

Sasa ombi la asilimia 40. Si la mtu wa mauzo, si la meneja, si la mkurugenzi. Kiungo cha mwisho kikiita anayefuata asiyekuwepo, programu inaanguka. Ukikiwekea sharti la kunyamaza, ombi linapotea na mteja anasubiri jibu lisilokuja. Kunyamaza ni kubaya zaidi, maana kuanguka angalau kunaonekana. Funga mnyororo kwa kiungo kisicho na anayefuata, ambacho kazi yake ni kukataa waziwazi, kutaja sababu na kuandika kwenye kumbukumbu za seva. Kisiwe cha kukubali kwa chaguo-msingi hata kidogo: kosa dogo la kuunga viungo litageuka hasara ya fedha.

Usihifadhi taarifa za ombi ndani ya kiungo. Kwenye seva, kiungo kimoja huhudumia maombi mengi kwa wakati mmoja, na punguzo la mteja mmoja litaangukia kwa mwingine. Taarifa zote zisafiri ndani ya ombi lenyewe. Pia hakikisha hakuna kiungo kinachorudi nyuma: meneja akiunganishwa tena na mauzo, ombi la asilimia 20 litazunguka mpaka rafu ya miito (kumbukumbu inayotunza miito ambayo haijakamilika) ijae.

Kama ngazi ni mbili na hazibadiliki, sharti moja la kawaida linatosha, usijenge mnyororo.